Waseminole wa Florida: kumchezea mtalii ngoma ni kuuza mila?

Mchonga_Mwenge:
Wakuu habarini. Mi nachonga vinyago hapa Mwenge na nina kikundi cha sindimba, kuna hoteli inatuita wikiendi tuwachezee wageni wakila. Sasa meneja anataka tulete na mapiko, ngoma ya vinyago vya kuvaa ya Wamakonde, yale ya jando kabisa, na wazee wamekuwa wakali wanasema tunauza mila. Mgeni mmoja Mmarekani kaniambia Waseminole, wenyeji wa asili wa jimbo la Florida kule Marekani, nao walianzia kwenye shoo za watalii na leo wanamiliki Hard Rock, ile kampuni ya mahoteli, migahawa na kasino. Ni kweli? Walifikaje huko na bado wakabaki na mila zao? Naombeni mwenye kujua, hili jambo linaninyima usingizi.

Mama_Historia:
Ni kweli mwanangu, Hard Rock waliinunua 2007 kwa dola milioni 965. Ila usianzie hapo. Hawa watu walipigana na jeshi la Marekani vita tatu, kubwa kabisa ni ile ya 1835 hadi 1842, na kiongozi wao Osceola alikamatwa 1837 akiwa amekuja kwenye mazungumzo chini ya bendera nyeupe, akafa mfungwa miezi michache baadaye. Wengi wakahamishwa kwa nguvu hadi huko panapoitwa sasa Oklahoma, Florida wakabaki mia kadhaa tu ndani ya vinamasi vya Everglades. Na Waafrika waliotoroka utumwa waliishi nao na kupigana bega kwa bega nao, hili inaniuma watoto wetu hawafundishwi shuleni.

Waliobaki walikula kwa kuwinda na kuuza ngozi za mamba na manyoya ya ndege. Halafu jimbo likaanza kuchimba mifereji kukausha vinamasi, wanyama wakapungua, biashara ikafa. Kwa hiyo kwenye shoo waliingia kwa sababu ya njaa, tuwahukumu kwa kulijua hilo.

Dereva_wa_Tour:
Naongezea hapo kwa Mama. Miami miaka ya 1920 kulikuwa na sehemu kama Musa Isle na bustani ya Coppinger, familia zinaishi mle ndani msimu wa watalii, mgeni analipa getini anaingia kuwaangalia wanapika, wanashona, mtu anakabana na mamba. Lakini geti lilikuwa la mzungu! Wao wanapewa posho ndogo na chakula, na kile watakachouza kwa mikono yao. Walifungishwa hadi ndoa za maonyesho na kuchonga nguzo za sanamu ambazo si mila yao kabisa, ni za makabila ya mbali huko pwani ya kaskazini magharibi, eti kwa vile mtalii anategemea kuziona. Barabara ya Tamiami Trail ilipofunguliwa 1928 ndo baadhi wakajijengea kambi zao wenyewe pembeni ya barabara, wakauza wenyewe.

Mkuu kabla ya wazee, jiulize kwanza geti la hiyo hoteli ni la nani na nyie mnapata ngapi kwa kila mgeni.

Fundi_Cherehani_Kkoo:
Mi nawapendea zile nguo zao za vipande vya rangi. Wanashona mistari ya vitambaa, wanaikata, wanaipanga upya na kuishona tena mpaka inatoka nakshi, kazi ya subira sana hiyo. Na ilianza kwenye miaka ya 1910 hivi, baada ya cherehani za mkono kuingia kwao kupitia wafanyabiashara. Mtalii aliinunua lakini wao waliivaa na wanaivaa mpaka leo kwenye shughuli zao. Kwa hiyo kitu kuwa kipya au kuuzwa hakukifanyi kiwe cha uongo.

Mchonga_Mwenge:
Asanteni sana. Hela ni kidogo kweli, hoteli inachukua karibu yote. Lakini kuhusu mapiko mnasemaje?

Mama_Historia:
Hapo sasa. Waseminole wana ibada yao ya mwaka ya mahindi mabichi, na muda wote ule wanacheza na mamba mbele ya kamera, hiyo hawakuileta getini. Walionyesha mapishi, nguo, nyumba zao za makuti zisizo na kuta, ibada ikabaki kwao porini. Kisha 1957 wakatambuliwa rasmi kama kabila lenye serikali yake, 1979 wakafungua ukumbi mkubwa wa bingo, mchezo wa kubahatisha wa pesa, kwenye ardhi yao, jimbo likataka kuizuia wakashinda mahakamani, na 1997 wakajenga makumbusho yao wenyewe, Ah-Tah-Thi-Ki, ambako wao ndo wanaamua kipi kitawekwa kwenye kabati la kioo na kipi hapana.

Sindimba cheza mwanangu, ni ya furaha na ya kila mtu. Mapiko mwambie meneja hapana, na kabla hamjasaini chochote kaeni na wazee waseme wenyewe kipi kitoke nje.

Dereva_wa_Tour:
Na mkataba uwe wa maandishi, mgao kwa kila kichwa kinachoingia. Wageni wangu wakitaka ngoma nitawaleta kwenu moja kwa moja, nicheki inbox.