Mjadala: Mwigizaji wa vichekesho vya zamani alipwe kila kipindi chake kinaporudiwa?

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu. Nina msimamo katika hili na nitausema mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Kampuni inayoendelea kuuza tamthilia ya vichekesho ya miaka ya 1960 inapaswa kuwalipa waigizaji wake mpaka leo, hata kama mkataba wa wakati ule ulisema vingine.

Chukueni Gilligan's Island ya Marekani, ile ya watu saba waliokwama kisiwani. Kituo cha runinga cha CBS kiliirusha kuanzia 1964 hadi 1967, sehemu 98, ikafutwa. Baada ya kufutwa ndipo ilipopata umaarufu mkubwa zaidi, kwa sababu iliuzwa kwa vituo vingi vya miji na majimbo, ikaoneshwa mchana watoto wakitoka shule, mwaka baada ya mwaka. Dawn Wells, aliyeigiza Mary Ann, alieleza hadharani kwamba watu walimdhania tajiri kwa ajili ya marudio hayo, kumbe hakuwa akipata kitu. Mwaka 2018, akikaribia miaka 80, mashabiki walimchangishia fedha mtandaoni ili atoke kwenye madeni. Alifariki Desemba 2020 baada ya kuugua UVIKO-19. Muda wote huo kipindi kilikuwa bado kinauzwa.

Chanzo kinajulikana. Mikataba ya wakati ule ilimlipa mwigizaji kwa marudio machache ya mwanzo, basi. Chama cha waigizaji wa Marekani, Screen Actors Guild, kilifanikiwa mwaka 1974 kupata malipo yasiyo na kikomo kwa vipindi vya runinga, lakini waliorekodi kabla ya hapo walibaki na masharti yao ya zamani. The Brady Bunch ilikwisha mwaka huohuo wa 1974, sehemu 117. Waliokuwa watoto katika tamthilia ile wamesimulia jinsi malipo yao yalivyokoma mapema huku wao wakiendelea kuonekana kila siku.

Sasa hoja yangu hasa, ambayo naona watu wengi wanaipita. Marudio hayamnyimi mwigizaji fedha tu, yanamfungia na kazi. Mtu aliyeigiza miaka mitatu tu angesahaulika, angekwenda kufanya usaili na kuonekana mpya. Lakini kipindi kikirudiwa kila mchana, mtayarishaji akimwona mlangoni anamwona Mary Ann. Bob Denver, aliyeigiza Gilligan mwenyewe, alibaki Gilligan machoni mwa watu hadi alipofariki mwaka 2005. Kwa hiyo kila rudio linamwingizia mwenye kipindi fedha na wakati huohuo linamkaza mwigizaji ndani ya uhusika uleule. Anayefaidika na kufungwa kwa mwenzake amlipe.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nakuheshimu lakini napinga. Fundi akikujengea nyumba, unamlipa, anaondoka. Hakuna fundi anayerudi kila mwezi kudai sehemu ya kodi ya wapangaji. Mwigizaji alisaini, akalipwa, kazi ikaisha.

Na tusisahau nani anabeba hasara. Tamthilia nyingi zinakufa mwaka wa kwanza, na mtayarishaji ndiye anayebaki na deni. Anayetaka faida ya baadaye akubali kuumia mwanzoni. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz walifanya hivyo mwaka 1951. Walikubali kupunguziwa malipo ili tamthilia yao, I Love Lucy, irekodiwe kwenye filamu, na kampuni yao ikabaki na umiliki. Baadaye waliiuzia CBS tamthilia hiyo kwa mamilioni ya dola. Walithubutu, wakavuna. Wengine walichagua mshahara wa uhakika, na huo nao ni uchaguzi halali.

MLETA MADA

Ndugu, mfano wa fundi ni mzuri na ndio unaonipa nguvu. Fundi akimaliza nyumba yako, nyumba hiyo inamtangaza. Jirani akiipenda anamwita kesho. Hakuna anayemwambia fundi, "Wewe hutajenga tena kwa sababu tumezoea kukuona kwenye nyumba ile." Mwigizaji anaambiwa hivyo hasa.

Kuhusu uchaguzi, angalia tamthilia ya The Honeymooners, sehemu 39 za 1955 na 1956. Audrey Meadows, aliyeigiza Alice, aliendelea kulipwa sehemu zile ziliporudiwa. Ilikuwaje? Kaka yake alikuwa mwanasheria, akaingiza kifungu kuhusu marudio kwenye mkataba wake. Joyce Randolph, aliyesimama naye jukwaa moja akiigiza Trixie, hakuwa na kifungu hicho. Siwezi kuuita uchaguzi huru wakati haki ya mtu inategemea kama ana ndugu aliyesomea sheria. Hata Ball na Arnaz walikuwa nyota wenye kampuni yao. Mwigizaji wa nafasi ya nne angedai umiliki, angeoneshwa mlango.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi siko upande wa wenye kampuni, ila naona mnapigania kitu dhaifu. Malipo ya marudio yanategemea mambo yasiyomhusu mwigizaji. Geoffrey Owens aliigiza Elvin katika The Cosby Show. Bill Cosby, nyota wa kipindi hicho, alipotuhumiwa kwa makosa ya kingono, vituo viliacha kurusha kipindi, na Owens alieleza kwamba jambo hilo lilimpunguzia kipato. Hakuwa na kosa lolote. Mwaka 2018 akapigwa picha akifanya kazi ya keshia kwenye duka la vyakula, na vyombo vya habari vikamwanika kana kwamba kufanya kazi ni aibu. Lilinikera sana jambo lile.

Bora mtu adai chake mapema na wadai kwa pamoja. Waigizaji sita wa tamthilia ya Friends walikataa kutenganishwa mezani, na kufikia misimu miwili ya mwisho kila mmoja alikuwa akipata dola milioni 1 kwa kila sehemu.

MCHANGIAJI WA TATU, KENYA

Nimesoma habari ya Dawn Wells nikamkumbuka marehemu Mzee Ojwang wetu, Benson Wanjau, wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi. Taifa zima lilikua likimcheka kila wiki kwenye KBC, runinga yetu ya taifa, na macho yake yalipougua ikabidi wananchi wamchangie. Alituacha mwaka 2015. Nani kati yetu aliwahi kumfikiria kama mtu mwingine asiyekuwa Ojwang? Kwa hivyo ndugu zangu, mkisema mwigizaji ajadiliane mapema, mnadhania kila mahali pana chama chenye nguvu cha kumtetea.

MLETA MADA

Asante kwa hilo la Mzee Ojwang.

Mchangiaji wa pili, nakubali kuhusu Friends. Umoja wao ulikuwa sahihi kabisa. Lakini angalia, katika mazungumzo yao na wenye kipindi walidai pia mgawo wa mapato ya marudio, maana walijua mshahara unakwisha kamera ikizimwa. Na habari ya Owens inaonesha kwamba yale malipo yalikuwa na maana kwake, ndiyo sababu kukosekana kwake kuliuma. Hata mgomo wa waigizaji wa Marekani wa mwaka 2023, uliodumu siku 118, sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa malipo ya kazi zao zinapotazamwa mtandaoni. Wanaoishi kwa kazi hii wanajua inapouma.

Mchangiaji wa kwanza amenitumia ujumbe kuuliza: tukiwalipa wa zamani, na warithi wao je, na mpaka lini? Namjibu hapa mbele ya wote. Kwa sheria ya Marekani, kazi ya kampuni iliyochapishwa mwaka 1964 inalindwa kwa miaka 95, yaani mpaka mwisho wa 2059. Kampuni imepewa muda wote huo wa kuuza sura ya mtu. Huohuo ndio muda ninaoutaka kwa mwigizaji na watoto wake, kwa asilimia ndogo ya kila mauzo. Anayesema ni mrefu mno aanze kwa kuipunguzia kampuni.