Kifaa cha kuazima kikikuzimia mikononi: amplifaya ya hedifoni. Tupeane uzoefu

Mhariri wa Usiku
Wakuu, habari za leo. Naomba waliowahi kuazima kifaa cha sauti kikawazimia mikononi tukutane hapa, hasa hizi amplifaya za hedifoni, yaani vikuza sauti vya kuchomekea hedifoni.

Hii nimeazima kwa jamaa yangu anayerekodi nyimbo, naitumia kuhariri vipindi. Juzi usiku umeme ulikatika, uliporudi taa ya mbele haiwaki na hedifoni kimya. Hedifoni zenyewe nzima, nikizichomeka kwenye simu zinalia. Mwenye mali nilimpigia usiku uleule, akasema tusifungue kwanza, tutafute tatizo kwa nje. Inatumia adapta ya volti 12 DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Mliopitia haya mlianzia wapi, na mwisho wake ilikuwa nini?

Mtu wa Mita
Pole mkuu, na umefanya la maana kumwambia mapema.

Anza na adapta. Yangu ilinizungusha sana kwa sababu nikipima kwa mita inasoma volti 12 na ushee, nikaamini ni nzima. Kumbe napima ikiwa haina mzigo. Nilipochomeka amplifaya na kupima kwa wakati uleule, volti zikaporomoka hadi 4. Kapasita (vihifadhi umeme vidogo) za ndani ya adapta zilikuwa zimechoka. Ukitafuta nyingine, volti ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi, na uangalie kile kimchoro cha kiduara kinachoonyesha kama katikati ni chanya au hasi. Kikigeuzwa hicho unaongeza tatizo la pili.

Kijana wa Kariakoo
Niongezee hapo. Usinunue kwa kusoma namba ya volti peke yake. Zipo amplifaya zinazotaka AC (umeme unaobadili mwelekeo), adapta yake ndani ni transfoma tupu. Alama ya AC ni kawimbi, ya DC ni mstari mnyoofu wenye vidoti chini yake. Zimechapwa ndogo mno, mulika kwa tochi ya simu.

Wateja wanatuletea amplifaya ya AC iliyochomekwa adapta ya DC kwa sababu pini imeingia vizuri. Nyingi za aina hiyo hutengeneza umeme chanya na umeme hasi kutokana na lile wimbi. Ukiipa DC, upande mmoja unapata na mwingine unabaki mtupu. Taa inaweza kuwaka kabisa na sauti isitoke, au ikatoka DC inayounguza hedifoni.

Alto wa Kwaya
Yetu haikuwa umeme. Mwenzetu alitumia kichwa cha kubadilishia pini, kutoka ndogo ya milimita 3.5 kwenda kubwa ya 6.35, lakini kilikuwa cha mono, yaani cha njia moja ya sauti badala ya mbili za stereo. Kitazameni vizuri: cha stereo kina mikanda miwili myeusi, cha mono kina mmoja. Kile cha mono kinaunga upande wa kulia na grandi (njia ya umeme kurudi), yaani shoti. Amplifaya ilichemka hadi haishikiki, ikajizima. Tulichomoa kila kitu, tukaiacha ipoe, ikarudi. Mshukuruni Mungu kama yenu ina kinga ya joto.

Mhariri wa Usiku
Mtu wa Mita, asante sana. Nimepima kama ulivyosema: bila mzigo 12.3, nikichomeka inaanguka hadi 3. Nimepata adapta nyingine inayofanana kila kitu na taa imewaka. Ila sauti bado hakuna, na ule mlio wa "tik" uliokuwa unasikika baada ya kuwasha siusikii tena.

Fundi wa Studio
Huo mlio ni rilei, yaani swichi inayojifunga kwa umeme, na kukosekana kwake ni habari kubwa kuliko taa.

Ukiwasha, sakiti ya kinga inasubiri sekunde chache umeme utulie, kisha rilei inafunga na hedifoni zinaunganishwa. Ikiona DC kwenye njia ya sauti, inakataa kufunga. Kwa hiyo yawezekana kifaa kinalinda hedifoni zako sasa hivi. Naomba asitokee mtu wa kukushauri uiruke kwa kipande cha waya! Koili ya hedifoni ni nyembamba kama unywele, DC inaichoma na hairudi.

Hapa ndipo umwombe mwenye mali ruhusa ya kufungua. Fundi apime umeme kwenye opampu, yaani chipu za kukuza sauti: zile za miguu minane zenye chaneli mbili, mguu wa 8 ni chanya, wa 4 ni hasi. Kwenye niliyotengeneza mimi chanya ilikuwepo, hasi imezama karibu na sifuri. Kapasita moja pembeni ya regyuleta (kidhibiti cha volti) ilikuwa imevimba kichwa. Tulipoibadilisha, "tik" ikarudi.

Hata hivyo usikimbilie kuvaa hedifoni. Pima kwanza DC kwenye tundu likiwa tupu. Milivolti chache ni sawa. Ikifika mamia, zima. Halafu jaribu na hedifoni za bei ndogo kabla ya zile unazozipenda.

Mwenye Mzigo
Mimi nipo upande wa wanaoazimisha. Adapta naiandika jina la kifaa chake kwa utepe mweupe, maana majumbani zinabadilishana. Na gharama tunakubaliana kabla kifaa hakijatoka mlangoni: umeme ukiunguza tunagawana, ukichomeka adapta isiyo yake unalipa wewe.

Anayenipigia saa ileile simlaumu hata kidogo. Kilichowahi kuniuma ni kurudishiwa kifaa kibovu kimyakimya, nikagundua mwimbaji ameshafika na nauli amelipa.

Mpwani
Huku Mombasa adui wetu ni hewa ya chumvi. Sauti inapotea upande mmoja, ukitikisa pini inarudi. Ndani ya tundu mna vibati vya kugusana, vikishika kutu ndiyo hayo. Mkizima kabisa, pulizeni dawa ya kusafishia kontakti za umeme, muingize na kutoa pini mara kadhaa, muache ikauke. Ikikataa, fundi achome upya risasi ya kuunganishia kwenye miguu ya tundu, hasa kwa wale ambao waya wao huvutwavutwa na kiti.