Natafuta daktari wa selimundu Dar anayemsikiliza mgonjwa

Dada_K27
Habari zenu wapendwa. Nina selimundu (sikoseli) tangu utotoni, sasa nina miaka 27, nipo Dar. Maumivu ya mifupa nimeyazoea kwa kiasi chake ila mwaka huu nyonga ya kushoto inauma kila siku, hata siku ambazo sijashikwa na yale maumivu makali ya selimundu kabisa, kupanda daladala tu ni kazi. Wiki mbili zilizopita usiku nilishikwa vibaya sana kaka akanipeleka hospitali moja, daktari wa zamu hata hakunigusa, akasema "huyu amezoea sindano" mbele ya watu wote, nikawekewa dripu na panadol nikalia mpaka asubuhi. Kilichoniuma zaidi ya mifupa ni lile neno. Naombeni mnielekeze kwa daktari atakayenisikiliza, hata kama ni mbali.

mama_wa_mapacha
Pole sana mdogo wangu, mwanangu wa pili ana selimundu najua hizo usiku. Sisi tuko kliniki ya selimundu Muhimbili, omba rufaa hapo unapotibiwa usikubali kuzungushwa. Ukifika waulize habari za haidroksiurea, dawa ya kupunguza kushikwa, kama hujaanzishiwa, mwanangu tangu aanze anashikwa mara chache sana ukilinganisha na zamani, ila haifanyi kazi wiki moja, ni miezi, na lazima upimwe damu mara kwa mara. Ukiwa unatarajia kubeba mimba waambie kabla.

nesi_mstaafu
Dada pole, na kama mtumishi wa afya naona aibu kwa ulichofanyiwa. Maumivu ya selimundu ni damu kushindwa kupita, mfupa unakosa hewa, hayaonekani kwa macho wala presha yako si lazima ipande. Mgonjwa anayeijua dawa inayomtuliza ameijua kwa sababu ameumwa miaka mingi, huo si ulevi. Morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, ipo nchi hii, hospitali ya Ocean Road wanaitumia miaka mingi kwa wagonjwa wa saratani, na hata kwa selimundu maumivu yakiwa makali inatumika, daktari anaipima kidogo kidogo. Itakufunga choo kwahiyo uliza na dawa ya kulainisha.

Hiyo nyonga sasa, usiichukulie kama maumivu yako ya kawaida. Kwenye selimundu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu kikafa kidogo kidogo, eksirei ya mwanzo inaweza isioneshe kitu, kipimo cha MRI ndicho kinaonesha mapema. Mwambie daktari hivyohivyo: nyonga moja, kila siku, hata nisiposhikwa. Na diklofenaki, zile dawa za maumivu za kununua duka la dawa, punguza jamani, figo za mwenye selimundu zina mzigo tayari.

kaka_wa_Tabata
Mimi naongezea kitu kimoja kilichomsaidia mke wangu. Daktari wake wa kliniki alimwandikia barua yenye mhuri, ana ugonjwa gani, akishikwa apewe dawa gani na kiasi gani. Tunatembea nayo kwenye begi, tukifika usiku natoa barua kabla hajaanza kuulizwa maswali. Daktari aliyekubali kuandika ile barua alikuwa wa tatu, wawili wa kwanza walikataa, kwahiyo ukikataliwa usikae nyumbani. Na usiende peke yako, mtu aliyeshikwa hawezi kujitetea.

Dada_K27
Asanteni sana nimesoma nikalia tena lakini kwa kitu kingine. Haidroksiurea nilishawahi kuandikiwa nikaacha baada ya mwezi nikidhani haisaidii, kumbe. Nesi, diklofenaki nilikuwa nameza karibu kila siku, nimeziweka pembeni leo. Jumatatu naenda kuomba rufaa, kaka ameshaomba ruhusa kazini anisindikize, na suala la nyonga nimeliandika kwenye karatasi maana nikikaa mbele ya daktari nasahau nusu. Mama wa mapacha, kliniki mnaenda saa ngapi ili nisikae foleni mpaka jioni?

mama_wa_mapacha
Sisi saa 12 asubuhi tunakuwa tumeshafika. Beba maji ya kutosha na kitenge cha kujifunika, ile baridi ya feni inaweza kukuamshia maumivu.