Dodoso la Kichina: alfa nzuri, lakini majibu ya mara ya pili hayafanani na ya kwanza

Mwana_Kariakoo
Wakuu, habarini. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu hali njema ya Wachina wanaofanya biashara Kariakoo. Natumia WHO-5, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima hali njema, yale maswali matano ya mwaka 1998: kila swali linajibiwa 0 mpaka 5, unajumlisha, unazidisha kwa 4. Kichina tulikitafsiri wenyewe. Alfa ya Cronbach, kile kipimo cha kama maswali yanaoana, imetoka vizuri. Shida ni kwamba nilirudi kwa watu walewale baada ya wiki mbili, na karibu wote alama zimepanda. Mama mmoja muuza mabegi Mtaa wa Kongo, mara ya kwanza alizungushia sifuri kwenye swali la kuamka ukiwa umepumzika. Mara ya pili kaweka nne, tena huku akinimiminia chai. Msimamizi anasema dodoso haliaminiki. Kweli nitupe kazi ya miezi minne? Silali.

Dada_Takwimu
Pole mdogo wangu. Usitupe kitu. Alfa inakuonyesha kwamba maswali yote matano yanakwenda pamoja siku ile uliyouliza, basi. Na WHO-5 inauliza wiki mbili zilizopita tu. Ukirudi baada ya wiki mbili, umeuliza kuhusu siku nyingine kabisa. Mgonjwa akipona, utakilaumu kipimajoto? Hapo katikati kulitokea nini?

Mwana_Kariakoo
Shikamoo dada. Kontena! Maduka kadhaa yalichangia kontena moja, likakwama bandarini. Lilitoka siku tatu kabla sijarudi. Yule mama nilimkuta anafungua marobota. Sikuandika popote, niliona ni habari za dukani tu.

Dada_Takwimu
Marahaba. Liandike leo, na tarehe yake. Kisha pima kundi jingine, urudi baada ya wiki moja, na uongeze swali: tangu siku ile, kuna jambo kubwa lililobadilika kwako? Wanaojibu hapana ndio wa kupimia uthabiti. Na usitegemee Pearson peke yake, yaani kile kipimo cha uwiano kati ya alama za mara ya kwanza na za pili. Wote wakipanda kwa kiasi kilekile, Pearson haioni kitu. Tumia ICC, kipimo kingine cha uthabiti, ile ya makubaliano, inayoangalia kama alama zenyewe zimebaki zilezile. Hiyo inaona kwamba wamehama.

Mkalimani_Ilala
Mimi nafanya kazi na Kichina kila siku. Swali la kwanza mmeweka neno gani? Kama ni *xingfu*, hapo mmeteleza. Xingfu ni heri ya maisha mazima: ndoa, watoto, nyumba. Swali linataka uchangamfu wa wiki hizi mbili, *kuaile*. Tena toleo la Kichina la WHO-5 lipo tayari, mlihangaika kutafsiri la nini? Na wakati wanajibu, nani alikuwa kasimama pembeni?

Mwana_Kariakoo
Nimefungua karatasi sasa hivi. Ni xingfu. Na duka moja mwenye duka alisimama pale pale kaunta. Wafanyakazi wake wawili majibu yao yanafanana mwanzo mpaka mwisho. Ahsanteni sana. Kesho nampelekea msimamizi tarehe ya kontena. Jumatatu naanza na toleo lililopo, Mtaa wa Kongo kwanza, na kila mtu atajibu akiwa peke yake.