Dit da jow: ubani na manemane vimeganda kitakoni mwa chupa, nifanyeje?

mpigangumi_k:
Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua dit da jow, ile dawa ya kuchua ya huko Guangdong na Hong Kong kwa damu iliyovilia na misuli iliyogongwa. Kwenye chupa ya kioo ya lita 4 kuna mitishamba ya Kichina (honghua, danggui, chishao, taoren na dahuang) pamoja na ubani na manemane, jumla gramu 300, ndani ya lita 2 za pombe kali ya asilimia 35. Sasa ni wiki ya tatu. Juu ina ukungu kama maji ya mchele, chini ubani na manemane vimekuwa donge linalonata. Imeharibika? Halafu orodha inataka caowu mbichi (mzizi wa akoniti) gramu 15, bado sijaitia. Niitie?

kinu_na_mchi:
Haijaharibika mkuu, pombe yako ndiyo dhaifu. Ubani na manemane vina utomvu na mafuta yanayoyeyuka kwenye pombe, pamoja na gundi inayoyeyuka kwenye maji. Kwa asilimia 35 maji ni mengi mno: gundi inavimba na kuufungia utomvu ndani, na mafuta machache yanayotoka yanabaki matone madogo yanayoelea. Huo ndio ukungu unaouona.

Lenga asilimia 50 hadi 60. Ukiongeza lita 1 ya ethanoli ya asilimia 96 kwenye hizo lita 2, utapata karibu asilimia 55, na gramu 300 kwa lita 3 ni kipimo kizuri. Usitumie spiriti ya kuwashia majiko. Mara nyingi ina methanoli, nayo hupenya ngozi.

Donge litoe, likatekate vipande vidogo, ulirudishe. Halitaisha lote, gundi itabaki tu. Siku nyingine weka ubani na manemane kwenye friza usiku mzima kabla ya kutwanga, maana vikipata joto la msuguano vinalainika na kugandia mchi. Twanga viwe kama chenga za mchele. Mizizi nayo ikatwe ukubwa wa punje ya mahindi, isiwe unga: unga unageuka tope na hauchujiki. Tikisa kila siku kwa wiki mbili za kwanza, weka gizani (mwanga unafifisha rangi ya honghua), chuja baada ya wiki sita au zaidi.

Ubani usikusumbue kuutafuta. Sehemu kubwa ya ubani na manemane ya maduka ya dawa ya Kichina hutoka Somalia na Ethiopia, kwa hiyo ule wa sokoni kwetu unafaa, mradi uondoe magome na mchanga.

tabibu_pwani:
Caowu USIITIE. Ina akonitini, sumu ya moyo na mishipa ya fahamu. Kwa dawa za kunywa Wachina huichemsha muda mrefu ili sumu ivunjike. Kwenye pombe baridi haivunjiki, bali inatoka vizuri zaidi, kisha inapita kwenye ngozi, hasa penye mchubuko. Dalili ni midomo na vidole kufa ganzi, kutapika, moyo kwenda mrama. Kuna watu wamekufa kwa kunywa pombe ya aina hii wakidhani ni ya kunywa. Hata bila caowu, bandika karatasi kwenye chupa: SI YA KUNYWA.

Mjamzito asipakwe, wala anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda). Danggui na wenzake hawaelewani na dawa hiyo.

kinu_na_mchi:
Nakubaliana kabisa. Wengi huitia kwa sababu inatia ganzi, wakadhani ganzi ndiyo kupona.

mpigangumi_k:
Shukrani sana. Nitie kafuri badala yake? Na mtu akigongwa leo, apakwe leo leo?

tabibu_pwani:
Kafuri gramu 20 kwa lita 3 inatosha, itie baada ya kuchuja. Ila usifunge bendeji ya kubana juu yake, ngozi itaungua. Mtoto mdogo asipakwe kabisa.

Leo leo hapana. Siku mbili za kwanza, pakiwa pamevimba na pana moto, kuchua kunazidisha damu kuvuja ndani. Hapo Wachina wenyewe hutumia san huang san, dawa ya kubandika ya mitishamba mitatu: dahuang, huangqin na huangbai sawa kwa sawa, unga laini uliokorogwa na maji au ute wa yai, unapakwa unene wa nusu sentimita juu ya shashi kwa saa chache. Ikiwasha, osha mara moja. Inatia rangi ya njano isiyotoka nguoni, kwa hiyo tandika kitambaa kikuukuu.

Moto ukishaisha ndipo jow: kijiko kimoja cha chai, chua taratibu dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku. Penye kidonda wazi, kamwe.

Na kabla ya yote hayo, majeruhi asipoweza kupiga hatua nne kwa mguu ulioumia, au akiumia ukibonyeza mfupa wenyewe, apelekwe eksirei kwanza.