Nitaachaje kutafsiri kichwani ninapozungumza Kiingereza?

Muulizaji, Dodoma
Ndugu zangu, naomba msaada. Shule ya msingi nilisoma miaka 7 kwa Kiswahili, kisha sekondari nikakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza, na mitihani nikaifaulu. Nyaraka za ofisini nazisoma na barua pepe naziandika bila shida. Taabu iko mdomoni: kikaoni hupanga hoja yangu kwanza kwa Kiswahili, ndipo niigeuze, na ninapomaliza kuigeuza wenzangu wameshahamia ajenda nyingine. Nifanye mazoezi gani ya kila siku ili wazo lije moja kwa moja kwa Kiingereza? Sina nafasi wala fedha ya kwenda darasani.

Mpokea wageni hotelini, Zanzibar
Pole, ndugu yangu. Hayo niliyapitia nilipoanza kazi hii. Kilichonisaidia ni kuanza na vitu vilivyo mkononi, si hoja za kikao. Asubuhi nikipiga mswaki, nikichemsha chai au nikifunga mlango, nilijisemea kimoyomoyo kwa Kiingereza kile nilichokuwa nikikifanya wakati huohuo, kwa sentensi fupi za maneno matatu au manne, kwa sababu kitu kilicho mbele ya macho hakina haja ya kupitia Kiswahili kwanza.

Saa ndiyo iliyonitesa zaidi. Mgeni aliuliza kifungua kinywa huanza lini, mimi kichwani nina saa moja asubuhi, nikamjibu "one o'clock". Akaja mchana, meza zimeshafutwa. Tangu siku hiyo nikawa naisoma saa ya simu kama ilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza sita, mpaka 7:00 ikawa "seven" tu.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro
Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila kutaja kitu kimoja kimoja hakutoshi, kwa kuwa lugha hizi mbili haziyagawi mambo kwa kipimo kimoja. Mpunga ulio shambani, mchele ulio gulioni na wali ulio sahanini, vyote kwa Kiingereza ni "rice", ilhali mkono wetu mmoja huko ni "hand" na "arm". Wanafunzi wangu husema "borrow me a pen" kwa sababu kwetu anayetoa huazima na anayepokea huazima. Kwa hiyo usijifunze neno pekee, bali shika fungu zima, "Can you lend me a pen?", ulirudie lilivyo hadi litoke lenyewe.

Kuna pia "yeye", ambaye kwetu haulizwi kama ni mume au mke. Ndiyo maana mtu mzima na shahada yake humwita mama yake mzazi "he". Ukiwa kwenye daladala, chagua abiria mmoja umsimulie kimoyomoyo: amepandia wapi, amebeba nini, anabishana na konda kuhusu nini. Akishuka, mgeukie wa jinsia nyingine. Usitikise midomo, watu watakushangaa.

Muulizaji, Dodoma
Nashukuru sana, Mwalimu, na wewe ndugu wa Zanzibar. Nimeanza tangu Jumatatu. Jana jikoni nilikwama kwenye ungo: jina lake sikulijua, na papo hapo Kiswahili kikarudi chote. Hapo hufanywaje?

Mpokea wageni hotelini, Zanzibar
Usikimbilie kamusi. Lizunguke neno kwa Kiingereza ulicho nacho: kile kitu bapa kilichosukwa, cha kupepetea mchele. Wageni wangu wasiojua jina la kitu hunieleza hivyohivyo, nami nawaelewa. Jina utalitafuta jioni, ukiwa umetulia. Kikaoni nako, ukikosa neno la "bakaa", sema fedha iliyobaki, kisha uendelee na hoja yako.