Kumbe stiki ziko mbili

Mimi: Shikamooni. Nimefungua boneti kupima oili kama mjomba anavyonisumbua kila siku. Nimechomoa stiki, oili nyekundu kama damu. Ndivyo inavyokuwa?

Mama: Marahaba mwanangu. Damu tena?

Kaka: 😂😂 Hiyo ni ya giaboksi wewe!

Mjomba: Marahaba. Gari lako ni otomatiki, ndiyo maana stiki ziko mbili. Irudishe hiyo ulikoitoa na USIMIMINE KITU humo. Ya injini angalia yenye kishikio cha njano. Oili yake ni ya kahawia, ikichoka inakuwa nyeusi.

Mimi: Mjomba, chupa nilikuwa nimeshaifungua 🙈

Mjomba: Ifunge kwanza, tuzungumze.

Mimi: Nimeipata ya njano. Mungu wangu, iko chini ya alama ya chini! Niongeze?

Mjomba: Umezima injini lini?

Mimi: Sasa hivi tu.

Mjomba: Basi oili nyingi bado iko juu huko, haijateremka. Ipe dakika 10. Na gari limesimama pa tambarare?

Mimi: Pana kamteremko kidogo.

Kaka: Kidogo? Kwenye picha naona umewekea tairi jiwe 😂

Mjomba: Lisogeze. Ukishazima tena, dakika 10 zianze upya.

Mama: Mimi huwa nasubiri taa ya oili iwake, ndipo naongeza.

Mjomba: Dada! Ile nyekundu kwa magari mengi ni ya presha, si ya kiwango. Ikiwaka njiani, kaa pembeni uzime hapo hapo. Ukisema ufike kwanza nyumbani, unaweza kufika bila injini.

Mama: Haya, kesho unakuja kunipimia.

Mimi: Nimerudi. Nimefuta stiki, nimeizamisha mpaka mwisho, nimechomoa. Upande mmoja oili iko katikati ya alama, upande wa pili imepanda kidogo.

Mjomba: Fuata upande ulio chini. Katikati inatosha, usiongeze hata tone.

Mimi: Na nilitaka kumwaga lita nzima!

Mjomba: Kwa magari mengi, toka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Ungepitiliza. Ikizidi sana, krenki, ule mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, inaichapa mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Hata siku ukipungukiwa, ongeza kidogo kidogo huku unapima. Haijawa nyeupe kama maziwa?

Mimi: Hapana, kahawia safi.

Mjomba: Afadhali. Nyeupe ingekuwa maji yameingia, hapo ni fundi tu.

Kaka: Na ile stiki ya giaboksi uliirudisha?

Mimi: Niliiweka juu ya paa nijibu meseji ya mjomba.

Kaka: Kabla ya kusogeza gari au baada?

Mimi: Narudi kule kwenye jiwe.